Behram Mkalimani na Ushahidi wa Lango la Veresvar

Ndugu, jamaa na majirani, Waislamu na Wakristo mliosimama pande zote za kaburi hili, tunawaomba utulivu. Kabla udongo haujarudishwa, sisi wa nyumbani kwa marehemu tunapenda asemwe kama alivyokuwa, kwa sababu katika mji huu amesemwa mengi, na si yote yalikuwa kweli.

Marehemu Behram bin Abdullah alizaliwa hapa hapa Veresvar, mtaa wa wahunzi, tarehe 14 Februari 1526, yaani mwanzoni mwa Jumada ya kwanza, mwaka 932 wa Hijra. Wazazi wake walimwita Balint, kwa kuwa siku hiyo ni ya mtakatifu wa jina hilo. Baba yake alikuwa Gergely, mhunzi wa mji, na mama yake aliitwa Ilona. Katika watoto sita waliozaliwa, wanne walifariki wakiwa wadogo. Waliobaki ni yeye na mdogo wake Borbala, aliyezidiwa naye kwa miaka mitano, na ambaye yupo nasi hapa leo amekalia kiti kwa sababu ya magoti.

Alisoma miaka minne kwa mwalimu wa kanisa, akajua kuandika Kihungari na Kilatini cha kuombea. Mwalimu alimfukuza mara mbili kwa kosa moja: kila aliposahihishwa alitaka aonyeshwe ni wapi palipoandikwa hivyo. Alipofika miaka kumi na miwili akaingia karakana ya baba yake, akajifunza kutengeneza makomeo na bawaba. Komeo la lango kuu la mji, lenye uzito wa kondoo mzima, lilitoka mikononi mwa Gergely, na Balint ndiye aliyevuta mivukuto.

Mwezi wa Septemba 1544, Rajab ya mwaka 951, jeshi la Sultani, likiongozwa na pasha mmoja, liliuzunguka Veresvar kwa siku kumi na moja. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili mji ukawa wa Sultani. Namna ulivyokuwa wake tutaieleza mahali pake. Hapa itoshe kusema kwamba Gergely alikufa langoni asubuhi ile, na kijana Balint, mwenye miaka kumi na minane, alifungwa kamba na askari mmoja mpiga mizinga, akauzwa siku ya tatu katika soko la Buda.

Aliyemnunua alikuwa Kadhi Muslihuddin, mtu mpole, mkavu wa maneno. Nyumbani kwake Balint alijifunza Kituruki, kisha Kiarabu cha vitabu vya sheria. Alipenda kusimulia kwamba alikaa miaka sita akingoja kuambiwa asilimu, na hakuna aliyemwambia. Mwaka wa saba akasilimu mwenyewe, akapewa jina la Behram, na kama kila mtu anayeingia dini bila baba Mwislamu, akaandikwa bin Abdullah. Mwaka 958 kadhi alimwacha huru mbele ya mashahidi. Mwaka uliofuata kadhi alihamishiwa Veresvar, na Behram akarudi naye katika mji aliotolewa akiwa amefungwa kamba, safari hii kama mkalimani wa baraza.

Kazi hiyo aliifanya kwa miaka thelathini na minane, ukiondoa miwili ambayo tutaitaja. Wengi wenu mmesimama mbele yake. Mturuki akishtaki, Mhungari akijibu, Mserbia akiapa, Myahudi akileta hati yake, yote yalipita katika mdomo wa mtu huyu. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Kuna mkulima mmoja wa zabibu, sasa ni marehemu, alikasirishwa na hukumu akamwita kadhi dume la mbuzi lililovalishwa kilemba. Behram akalitafsiri lote, na kilemba chake, kwa sauti ile ile ya kusomea hati. Kadhi akamtazama, akamuuliza, "Na wewe unaonaje?" Behram akajibu, "Mimi sina maoni, bwana kadhi. Mbuzi ni wa kwake." Kadhi alicheka mpaka akaahirisha kesi.

Mwaka 961 alimwoa Bibi Nefise, binti wa Kadhi Muslihuddin. Waliishi pamoja miaka thelathini na tisa ya Hijra, wakabarikiwa watoto watatu, mmoja akatangulia. Jumapili Behram alikuwa akipita kwa dada yake Borbala, aliyebaki katika dini ya wazazi wao, akila supu ya kabichi isiyo na nyama, kwa maana nyama ya nyumba ile ilikuwa ya nguruwe. Kadhi Muslihuddin alifariki mwaka 967. Behram ndiye aliyemwosha.

Sasa tufike kwenye yale ya mwezi wa Shaaban, mwaka 981.

Baridi ilikuwa imeanza. Kamanda wa ngome wakati huo, Turali Bey, alikuwa anatafuta mahali pakavu pa kuwekea baruti, na macho yake yakaangukia kanisa la mtaa wa chini, lenye kuta nene kuliko jengo lolote la mji. Akapeleka ombi barazani kwamba Veresvar ulitwaliwa kwa upanga, na mji uliotwaliwa kwa upanga kanisa lake ni la Sultani. Wakristo nao wakaja kulalamika kwa Kadhi Abdulgani, aliyekuwa na mwaka mmoja tu hapa. Kadhi akawaeleza sheria kwa maneno mepesi. Mji uliotekwa kwa vita, kamanda ana haki. Mji uliojisalimisha kwa ahadi, kanisa halivunjwi wala halitwaliwi hadi mwisho wa dunia. Je, Veresvar ulikuwa upi?

Akasimama Andras Toth, mzee wa kanisa, amevaa koti lake la sikukuu. Alitaka kuwaheshimu wafu wa mji wake. Akasema kwa fahari kwamba wazee wao walipigana hadi mtu wa mwisho, na kwamba Gergely mhunzi alikufa ameliziba lango kwa mwili wake, nyundo mkononi. Nyuma yake watu walitikisa vichwa kukubali. Habari hiyo waliiimba kila Septemba.

Behram alisimama kati ya yule mzee na kadhi. Alijua kwamba kila neno la Andras lilikuwa linapigilia msumari kwenye mlango wa kanisa lao wenyewe. Alimwona Turali Bey akitabasamu kabla hata ya tafsiri, maana kamanda alikijua Kihungari kidogo. Bibi Nefise anasimulia kwamba jioni ile mumewe alimwambia hajawahi kutamani kukosea neno moja kama siku hiyo. Hakukosea. Alitafsiri yote, pamoja na nyundo ya baba yake.

Kadhi Abdulgani aliinamisha kichwa. Akasema ushahidi huo unampa kamanda haki, lakini kwa kuwa jambo ni zito atangoja siku tatu. Ikiwa wapo Waislamu wawili walioiona asubuhi ile kwa macho yao na wana habari tofauti, waje.

Behram alitoka barazani akaenda moja kwa moja kwa dada yake. Borbala alikuwa anakanda unga. Kwa miaka ishirini na tisa, katika wenyeji wote wa mji, ni wao wawili tu waliojua. Gergely hakuliziba lango. Alilifungua. Visima vilikuwa vimekauka, nahodha wa askari wa mji alikuwa amelewa tangu siku ya tano, na watoto walikuwa wanakufa. Gergely alizungumza na mjumbe wa Waturuki kupitia tundu la ukuta, akapewa ahadi kwa mdomo ya uhai, mali na kanisa. Alfajiri akaling'oa komeo alilolitengeneza mwenyewe, na mwanawe Balint akaushika mnyororo usilie. Mmoja wa watu wa nahodha, aliyekuwa mnarani, akampiga Gergely risasi ya mgongo. Waliomkuta amelala pale na nyundo yake waliona walichotaka kuona.

Behram alimweleza dada yake anachokusudia. Borbala hakuacha kukanda.

"Kanisani ninakaa kiti cha mbele," alisema. "Unajua kwa nini. Mwanangu amepewa mke kwa jina la babu yake. Sasa uende ukawaambie alikuwa msaliti?"

"Nitawaambia alilifungua lango. Hilo la usaliti watalisema wao."

"Na watalisema, kaka. Wataliimba."

"Usipotaka, sitasema. Nimekuja kukuuliza."

Borbala aliugeuza unga, akaukanda tena. Kisha akamuuliza kanisa litafanywa nini, na Behram akamwambia baruti. Mama yao alizikwa chini ya sakafu ya kanisa lile, upande wa kushoto. Borbala akajifuta unga mikononi. "Usiniulize," alisema. "Ukiniuliza nitakukataza. Nenda."

Nyumbani alimkuta mkewe ameshasikia mjini kwamba kadhi anatafuta mashahidi. Bibi Nefise alikuwa binti wa kadhi, na sheria aliijua. Alimwambia wazi, "Mji uliojisalimisha, watu wake hawatekwi. Ukisema hivyo, unasema baba yangu alimnunua mtu huru, akamtumikisha miaka saba."

"Hakujua, Nefise."

"Najua hakujua. Je, watu watajua kwamba hakujua?" Akakaa, akaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Baadaye akasema, "Angekuwa hai, angekuuliza jambo moja tu, ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Basi usinitazame mimi."

Shahidi wa pili alikuwa mmoja tu kati ya walio hai, na Behram alimjua vizuri. Alikuwa Oruch, mpiga mizinga mstaafu, aliyekuwa akiishi karibu na daraja na kulima vitunguu. Ndiye aliyemfunga kamba. Kwa miaka mingi walikuwa wakipishana msikitini bila kusemezana. Siku ya pili Behram aligonga mlango wake. Mzee alikuwa anatawadha. Behram akamngoja amalize, kisha akamuuliza kama alipoingia langoni alimwona mtu yeyote anapigana.

"Hapakuwa na vita," Oruch alisema. "Lango lilikuwa wazi kama mlango wa duka. Mzee mmoja amesimama, nyundo ameiteremsha chini. Mara akaanguka."

"Na mimi?"

"Wewe uliinama kumshika. Nikaona kijana ana mabega."

"Pasha alikuwa ametangaza nini kambini?"

Oruch alivaa viatu polepole. "Alitangaza kwamba mtu asiguswe. Nilisikia. Wote tulisikia."

"Njoo uyaseme hayo kwa kadhi, Mzee Oruch."

"Nikiyasema mimi ni mwizi wa watu. Nina miaka sabini na moja. Nataka kufa nikiwa mpiga mizinga." Akafunga mlango, hakusema atakuja wala hatakuja.

Jioni ile, kabla ya Magharibi, mtu wa Turali Bey alifika nyumbani kwa Behram akakataa kuketi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi. Kamanda amesikia kwamba mkalimani anakula kwa Wakristo kila Jumapili, na kwamba mtu aliyeirudia dini yake ya zamani hukumu yake inajulikana. Akaondoka. Selman, mtoto mkubwa, alimshika baba yake mkono akamsihi asiende. Behram akamwagiza akalete kuni.

Siku ya tatu baraza lilijaa hadi uani. Turali Bey alikuja na askari kumi. Behram alipoitwa kukaa mahali pake, akamwomba kadhi amwondolee ukalimani kwa muda, kwa sababu leo amekuja kama shahidi. Minong'ono ikakoma. Akasema kwa Kituruki yote aliyoyaona, hatua kwa hatua: ahadi ya tunduni, komeo, mnyororo mikononi mwake, risasi ya mnarani.

Turali Bey hakungoja amalize. "Kwanza atuambie anayesema ni nani," alisema. "Ni Behram Mwislamu, au ni Balint?"

"Mimi ni Behram. Shahada yangu niliitoa mbele ya baba mkwe wangu, na ndiyo inayonikataza kusema uongo hapa. Balint ndiye aliyeshika mnyororo. Bila yeye nisingekuwa na la kushuhudia."

Kadhi Abdulgani akamwambia kamanda anyamaze. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema wenye kesi, yaani Wakristo, hawajaelewa kilichosemwa, na wana haki ya kuelewa. Mkalimani mwingine hayupo. Behram atafsiri ushahidi wake mwenyewe.

Tuliokuwepo tunakumbuka kwamba alikunywa maji. Akawageukia watu wa mtaa aliozaliwa. Andras Toth alikuwa mbele. Borbala alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, shali limefunika nusu ya uso. Akawaambia kwa Kihungari, kwa sauti ile ile ya kusomea hati, "Shahidi anasema kwamba baba yake, Gergely mhunzi, hakufa akilinda lango. Alilifungua, kwa ahadi. Shahidi anasema kwamba alimsaidia."

Andras Toth alivua kofia, akaivaa tena, kama mtu aliyepotelewa na anachotaka kufanya. Mwanamke mmoja akatema mate chini. Hapo kadhi akauliza shahidi wa pili yuko wapi, kwa maana mmoja hatoshi. Wakangoja. Turali Bey alianza kusimama akiomba hukumu. Kadhi akamwambia akae, jua bado halijafika dirishani.

Lilipokaribia kufika, watu wa uani wakafungua njia. Oruch aliingia na fimbo yake, amevaa kofia yake ya zamani ya kikosi. Hakumtazama Behram. Akasema lango lilikuwa wazi, tangazo la pasha alilisikia kwa masikio yake, na kijana mwenye mnyororo yeye ndiye aliyemfunga na kumuuza, akijua si halali. Akaongeza, "Niandike hivyo hivyo, bwana kadhi. Jina langu ni Oruch bin Mustafa."

Kadhi akaandika kwamba kanisa ni la wenyewe. Turali Bey akamuuliza, mbele ya watu wote, ngome itailindaje himaya ikiwa inashindwa kesi na wachuuzi wa mvinyo. Kadhi hakuinua kichwa kwenye karatasi. "Una askari mia mbili," alisema. "Mji una watu elfu nne. Wamekaa kimya miaka ishirini na tisa, na si kwa sababu ya hao mia mbili. Waliahidiwa kitu." Akapiga muhuri.

Hatutasema kwamba mambo yalikuwa mazuri baada ya hapo. Turali Bey hakuweza kuithibitisha tuhuma ya dini, lakini alipata njia ya kumwondolea Behram kazi kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo familia iliishi kwa kushona na kwa kuuza plamu kavu. Kanisa lilibaki, na waliosali ndani yake walivuka barabara wakimwona aliyelibakiza. Mlango wetu ulipakwa tope mara tatu. Wimbo wa Septemba uliachwa. Borbala alihama kiti cha mbele kabla hajaambiwa, akakaa nyuma, na huko amekaa hadi leo. Mwaka wa pili Andras Toth alimwendea akamwomba arudi mbele. Alimshukuru, akamwambia huko nyuma kuna joto.

Oruch alifariki mwaka 983. Behram alilibeba jeneza lake. Selman alimuuliza amemsamehe lini mtu yule. Akajibu kwamba hakumbuki kama amemsamehe, ila jeneza lilihitaji watu wanne na walikuwa watatu.

Kadhi aliyefuata alimrudisha barazani, baada ya wakalimani wawili kukamatwa wakila rushwa. Alistaafu mwaka 998, macho yalipopungua.

Siku ya 20 ya Safar mwaka huu alianguka akiwa anavaa. Alipozinduka, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na Kituruki chote kilikuwa kimemtoka. Tabibu alisema amewahi kuliona hilo kwa wazee. Alichobaki nacho ni Kihungari cha mtaa wa wahunzi. Watoto wake walikijua kidogo, mkewe hakukijua kabisa. Ikabidi Borbala ahamie kwetu. Kwa miezi minne na nusu, mwanamke mwenye miaka sitini na moja, asiyejua kusoma, alikaa kando ya kitanda akimtafsiria kaka yake kwa mkewe, na mkewe kwa kaka yake. Kituruki chake kilikuwa cha sokoni. Siku moja Behram alisema maneno marefu, na Borbala akanyamaza. Bibi Nefise akamsihi, "Niambie, wifi, anasema nini?" Borbala akasema, "Anasema wewe hukuwahi kumwambia asiende barazani. Anasema anakushukuru. Mengine siyajui kwa Kituruki." Bibi Nefise akamwambia hayo mengine ayaache hivyo hivyo, ameyasikia.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 9 Rajab mwaka 1000, sawa na 21 Aprili 1592, baada ya adhana ya Alfajiri, akiwa na miaka sitini na sita. Dada yake alimshika mkono wa kushoto, uliokuwa bado na hisia. Selman alimsomea shahada sikioni, na midomo yake ilionekana kuifuata.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Nefise, mwana, Selman, karani wa wakfu, binti, Gulfem, aliyeolewa mjini Pech, wajukuu saba, dada yake, Borbala binti Gergely, na watoto wa dada, Gergely na Kata, ambao tangu asubuhi wamechimba kaburi hili pamoja na binamu zao. Aliyoyasema yameandikwa, na yatasomwa na wasiomjua. Mola amsamehe mapungufu yake na ampokee mja wake. Apumzike sasa kwa amani, ametimiza kila alilokabidhiwa kulisema.